Walihesabiwa, Hawakuandikwa

Ami alinipigia simu nikiwa ndiyo kwanza natoka darasani Nizwa, akaniambia kuwa ukoo unajenga sabla mpya kwetu Ibra, hapa Oman, na kazi ya kuchora shajara, yaani mti wa ukoo, nimepewa mimi. Hakuniuliza kama nina nafasi. "Wewe ndiye unayejua kompyuta," alisema. "Tutautundika ukutani, mgeni akiingia tu aone sisi ni nani."

Sabla ni ukumbi wa wanaume wa kabila. Humo ndimo wanamopokea wageni, wanamofungisha ndoa na kukaa matanga, na kila ukikaribia uchaguzi wa Baraza la Shura ndimo wanamokubaliana nani apewe kura. Wanawake hatuingii. Kwa hiyo niliombwa nichore kitu ambacho kikishatundikwa sitakiona tena.

Nilisema inshallah. Ami ni kaka mkubwa wa marehemu baba yangu, ndiye aliyetushika mkono tulipofiwa, na mtu wa namna hiyo hajibiwi hivihivi. Isitoshe, kazi yenyewe niliipenda. Tangu utotoni nimesikia majina ya mababu yakitiririshwa kama dua, fulani bin fulani bin fulani, kutoka Unguja tulikozaliwa wengi wetu mpaka mkoa huu wa Sharqiyah walikotoka wao. Katika msururu wote ule sikuwahi kusikia jina la mwanamke hata mmoja. Nilidhani mwenye kuchora atapata kuuliza.

Mimi nafundisha historia chuoni, kwa vijana wanaosomea Kiingereza, na muhula ule tulikuwa na somo la kuundwa kwa serikali ya Marekani. Kuna sehemu ya somo hilo ambayo wenzangu huipita mbio. Mimi siipiti. Niliwaeleza wanafunzi jinsi wajumbe wa majimbo, waliotumwa kuandika katiba, walivyojifungia ukumbini kiangazi kizima, madirisha yamefungwa ili wa nje wasisikie, wakigombana juu ya nani ahesabiwe. Wingi wa watu ndio uliokuwa uamue kila jimbo lipate viti vingapi bungeni. Wajumbe wa kusini, wenye watumwa wengi, wakataka watumwa wao wahesabiwe wote. Kura wasipige, neno lao mahakamani lisisikilizwe, waendelee kuuzwa sokoni, lakini kwenye hesabu waingie. Baadhi ya wale wa kaskazini wakang'aka: ikiwa hawa kwenu ni mali, basi na sisi tuhesabiwe ng'ombe na farasi wetu. Wakavutana mpaka wakachoka, wakapatana kwamba kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, na biashara ya kuwaleta kutoka ng'ambo isipigwe marufuku mpaka ipite miaka ishirini. Na katika katiba yote waliyoiandika pale, neno lenyewe, mtumwa, hawakulitia. Waliwaita "watu wengine".

Mwanafunzi mmoja kutoka mji wa Adam, binti wa mfanyabiashara wa mifugo, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, baba yangu anauza mbuzi," alisema. "Mbuzi akihesabiwa, anahesabiwa mzima."

Darasa likacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Niliwaacha wakae na neno hilo.

Alhamisi nikaendesha gari kurudi Ibra, kwa mama. Mama yangu ni mtu mzima sana sasa, alizaliwa Mji Mkongwe, na Kiswahili chake ni kilekile alichotoka nacho. Yeye na marehemu baba walikuwa watoto wa ndugu wawili, kwa hiyo yeye na ami bibi yao ni mmoja, mama wa baba zao. Bibi huyo alimlea mama mpaka akawa msichana mkubwa. Mimi sikumkuta. Nilichokuwa nakijua ni kwamba alitoka bara, na kwamba akitajwa watu hubadilisha mazungumzo.

Nilimkuta jikoni anakoroga unga wa mkate wa kumimina. Nilimsalimu, nikakaa, nikamfungulia kompyuta juu ya meza.

"Mama, yule bibi yako jina lake aliitwa nani?"

"Andika wanaume kwanza."

"Wanaume nimeshawaandika. Namuuliza bibi."

Akaendelea kukoroga. "Alikuwa mtu wa nyumbani," alisema, kisha akaniambia nimpe hiliki.

Mtu wa nyumbani. Msomaji aliyekulia katika nyumba kama yetu hahitaji kufasiriwa. Kwa asiyejua: ndivyo wazee wetu wanavyosema wasipotaka kusema mtumwa. Mtu wa nyumbani si mwenye nyumba wala si mgeni. Nililijua neno hilo tangu nina akili zangu, lakini siku ile nilikuwa nimetoka kufundisha juu ya wale "watu wengine", na nililisikia kama mtu aliyetiwa maji baridi mgongoni.

Ijumaa baada ya sala, wazee watatu wa ukoo walikutana nyumbani kwa ami: yeye mwenyewe na binamu zake wawili. Niliitwa kwa ajili ya kompyuta tu. Nilikaa mwisho wa zulia, karibu na mlango, na picha ya mti ikawa inaonekana kwenye televisheni yao kubwa. Walizungumza Kiswahili, kama wanavyofanya wasipotaka vijana wao wafuate. Majina yalikuwa yanakwenda vizuri. Huyu alizaa watatu, yule hakujaaliwa, huyu mwandike juu kidogo. Kahawa ilikuwa inazunguka.

Ndipo akaingia mtu ambaye hakualikwa.

Maisha yangu yote nilimwita kaka. Ana gari la maji, anapeleka maji mashambani na kwenye vijiji vya milimani mpaka wilaya ya Dima wa Tayyin, na sasa wanawe wawili wanaendesha magari mengine. Kwenye kitambulisho chake kuna jina la kabila letu, lilelile lililomo kwenye changu. Babu yake alikuwa mtu wa nyumbani wa mababu zetu huko Unguja, na baba yake alipanda meli pamoja nao wakati watu walipoondoka baada ya Mapinduzi. Jamaa zake ni wengi, wanakaa mtaa wao ukingoni mwa mashamba ya mitende. Uchaguzi ukifika, yeye ndiye anayepita nyumba kwa nyumba mtaani kwao, maana siku hizi kura hupigwa kwa simu, na wazee wengi hawajui pa kubonyeza. Anawashikia simu, anawaonyesha pa kuweka kitambulisho, na kura zinakwenda kwa mgombea wa ukoo. Ami huziita kura zetu.

Alitoa salamu, akakaa hapo hapo karibu na mlango, mkabala na mimi. Akapewa kikombe, akakiweka chini.

"Sheikh," alimwambia ami, "nimesikia mti unachorwa."

"Unachorwa, alhamdulillahi."

"Baba yangu na babu yangu wako tawi gani?"

Mmoja wa wazee akakohoa. Ami akatabasamu, ile tabasamu ya mtu anayetaka jambo lipite kwa wema. "Nyie ni watu wetu, bwana. Nani asiyejua hilo?"

"Ikiwa kila mtu anajua, basi kuandika hakutamshtua mtu."

"Mti ni wa damu."

"Wakati wa uchaguzi uliniletea ujumbe, Sheikh. Uliandika sisi ni damu moja. Ninao kwenye simu mpaka leo."

Hapo ndipo walipoanza kupatana, na mimi niliona kwa macho yangu yale niliyokuwa nayafundisha. Mzee mmoja akasema tuchore kisanduku chini kabisa, nje ya mti, tuandike: na jamaa waliofungamana nao. Bila majina, watakuwa wengi mno. Mwengine akasema hapana, kisanduku kitaleta maswali, bora tusubiri sabla ifunguliwe kwanza, halafu miaka ya mbele tufikirie ubao mwengine. Yule wa kwanza akasema basi, kisanduku kiwepo lakini kwa herufi ndogo. Walikuwa wanazungumza kwa upole, hakuna aliyetukana, na yule waliyekuwa wakimzungumzia amekaa palepale, anawatazama mmoja mmoja.

"Ami," nikasema, "kwani niwaandike vipi? Watano kwa watatu?"

Hawakunielewa. Nikawaeleza, mwanzo mpaka mwisho, habari ya ukumbi ule na wajumbe wale, jinsi walivyowataka watu kwenye hesabu na kuwakataa kwenye kila kitu kingine. Nilizungumza kwa Kiswahili changu cha kuungaunga, lakini nilimaliza.

Ami alinisikiliza. Kisha akasema, "Hayo ya Wamarekani. Sisi Waislamu, mwanangu. Sisi hatukuwafanyia watu vile. Kwetu walikula tulichokula, wakavaa tulichovaa."

"Basi tuonyeshe. Tuwaandike."

"Wewe umeitiwa kuchora."

"Na mama yake babu, ami? Bibi yako wewe. Yeye ni damu au si damu?"

Nilijua nimevuka mpaka. Alikunja uso. "Shajara haina wanawake," alisema. "Wala wa kwao wala wa kwetu. Khalas, yamekwisha." Binamu zake wakaitikia upesi, nikaona wamefurahi: ukiondoa wanawake wote, hakuna mtu anayelazimika kusema yupi alikuwa nani. Na lile neno, mtumwa, halitaandikwa.

Kaka akainuka. Kikombe chake kilikuwa kimejaa vilevile. Alisema, "Haya, nimesikia," akatoka. Nami nikafunga kompyuta, nikamfuata mpaka kwenye gari lake. Nilianza kumwomba radhi kwa niaba ya wakubwa wangu, akanikatiza.

"Usiniombee radhi. Kamuulize mama yako bibi yake na bibi yangu walikuwa wakizungumza lugha gani."

"Lugha gani?"

"Muulize. Mimi nilisimuliwa tu. Yeye aliwasikia."

Nilimuuliza mama alasiri ileile, hata buibui sijalivua. Alikuwa anatoa tende kokwa. Nilitarajia anitume hiliki nyingine. Badala yake aliweka kisu chini.

"Nani kakwambia?"

Nikamwambia. Nikamwambia na yaliyotokea kwa ami, kisanduku, herufi ndogo, na shajara haina wanawake. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Akaanza kusimulia, na hakunitazama, alikuwa anatazama tende.

Walikuwa wawili, mtu na mdogo wake, tumbo moja. Walitoka Manyema, huko Kongo, walikamatwa wakiwa wadogo, wakatembezwa mpaka Tabora, na Tabora babu mkuu, yaani babu yao mama na ami, akawanunua pamoja. Akawaleta Unguja. Yule mkubwa alipokua akamfanya suria, akamzalia watoto, na kwa kuwa baba yao muungwana, watoto wakawa waungwana. Yule mdogo akaozeshwa mtumwa wa nyumba hiyohiyo, na watoto wake wakawa watu wa nyumbani.

"Mmoja watoto wake wanakaa barazani na mwengine watoto wake wanawachotea maji ya kunawa," mama alisema. "Na mama zao jikoni wanakula sahani moja. Jioni wakisukana, wakizungumza maneno yao ambayo hakuna mwengine nyumba nzima aliyeyajua. Mie nilikuwa nikilala mapajani mwao, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wote nikiwaita bibi."

"Na hukuniambia."

"Bibi mwenyewe ndiye aliyenikataza. Kanambia, ukisema haya, nani atakuoa? Nami nikaolewa, nikazaa, nikaja Oman, ikawa ndiyo basi. Mtu akikaa na jambo muda mrefu husahau kuwa ni zito."

Nilikuwa nahesabu kichwani. Mama alinitangulia.

"Baba yake na baba yangu ni watoto wa dada wale wawili," alisema. "Kwa hiyo huyo unayemwita kaka ni ndugu yangu mie. Kwako wewe ni mjomba."

Mjomba. Mtu niliyekuwa namwita kaka, tena kaka ya kumtuma, njoo na maji, tangi limekwisha, na mara nyingine nampigia kelele kwenye simu kwa kuchelewa. Mama akafuta mikono, akanambia, "Fungua hiyo kompyuta yako." Akanitajia majina ya wale dada, yote mawili. Akanitajia watoto wa mdogo mtu, wajukuu, kila mtu, bila kusita, kama aliyekuwa akiyarudia kimoyomoyo miaka yote hiyo.

Niliuchora mti upya. Chini kabisa, penye shina, niliwaweka babu mkuu na wale dada wawili, matawi yakapanda kutoka kwa wote. Kila mwanamume nilimtia pamoja na mama yake na mkewe. Majina yaliyonipungukia niliyatafuta kwa simu. Shangazi mmoja aliyeolewa Sur alinipa majina ya wanawake ambao hata mama hakuwakumbuka, na kabla ya kukata akasema, "Mtu mmoja hatimaye kauliza." Chini ya majina ya wale dada wawili niliandika wametoka wapi na walifikaje. Niliandika neno lenyewe. Watumwa. Niliandika kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, asije mtu akasema hakufahamu.

Kisha nikaupeleka kwa ami kwenye simu yake, kama alivyoniagiza kazi ikiisha.

Alinipigia papo hapo.

"Futa."

"Nifute nini, ami?"

"Unalijua la kufuta. Unataka watoto wetu wasipate wachumba? Unataka watu wa Ibra waseme nini?"

"Watu wa Ibra nusu yao wana bibi kama yetu. Nao wamenyamaza kama sisi."

"Wewe msomi, lakini heshima hujasoma. Nakuambia futa."

"Sifuti, ami. Nisamehe, mimi ni mwanao, ukinituma lolote nitakwenda. Hili sifuti."

Nikamsikia anavyohema. Mtu huyu ndiye aliyenilipia safari yangu ya kwanza ya masomo. Nilimpenda na bado nampenda, lakini sikutengua kauli. Mwisho akasema, "Basi kazi tutampa mwengine," akakata.

Wakampa mwengine. Walichonga mti wa mbao huko Maskati, nasikia mzuri sana, majina yamekatwa kwa mashine na kutiwa rangi ya dhahabu. Wanaume watupu. Baba yake mjomba hayumo, babu yake hayumo, na hata kile kisanduku hakimo.

Wangu niliuchapisha dukani Nizwa kwenye turubai, mkubwa kuliko mlango. Kijana wa duka aliniuliza kama ni kwa ajili ya ofisi. Nikamwambia ni kwa ajili ya sebule ya mama yangu. Mama mwenyewe ndiye aliyechagua ukuta: unaotazamana na mlango, ili mtu asiweze kujidai hakuuona.

Sabla ilifunguliwa siku ya Idi. Wanaume walijipanga nje kwa safu, kanzu nyeupe, fimbo na majambia, wakipeana mikono. Mimi na mama tulikuwa tunapita kwa gari kupeleka halua kwa wagonjwa. Mjomba alikuwepo, kwa kuwa gari lake ndilo lililoleta maji ya wageni. Alisimama mwisho kabisa wa safu, kando ya matairi, na wanawe.

"Simamisha," mama akasema.

Nikasimamisha. Akateremsha kioo, akamwita kwa jina lake, akamwambia, "Idi njema, ndugu yangu." Si kwa sauti ya kunong'ona. Mama ana masikio mazito, husema kwa nguvu.

Mimi nikashuka. Nilikuwa naona vichwa vya safu nzima vimegeuka, na ami mbele yao. Nilikwenda mpaka pale alipo.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

Wapo wasemao kuwa salamu hii zamani ilikuwa ya mtumwa kwa bwana wake. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba mbele ya safu ile hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumpa mtu wa upande wake. Alinitazama, akatazama gari lililokuwa na mama, na macho yakamjaa machozi. Kisha akajinyoosha.

"Marahaba, mwanangu," alijibu, na sauti yake ilifika mbali kuliko yangu.

Wanawake walikuja kwa mama siku zote za Idi. Wengine waliingia, wakauona mti, wakakaa wakanywa kahawa wakitazama zulia. Mmoja, mke wa yule mzee wa herufi ndogo, aliondoka bila kuonja kitu, na mpaka leo tukikutana soko la wanawake la Jumatano anageukia upande mwengine. Lakini wengi waliusogelea ukuta wakatafuta mama zao kwa kidole. Walipiga picha. Kabla ya Idi kwisha, mti wangu ulikuwa umefika Sur, umefika Nizwa, umefika Maskati, na nasikia kuna aliyeutia kwenye simu ya mjukuu wa ami. Nililaumiwa sana. Niliitwa mchonganishi. Jamaa mmoja aliniandikia kuwa namfedhehesha marehemu baba yangu kaburini. Nilimjibu kuwa baba yangu alinyonyeshwa na mama yake, na mama huyo alikuwa na mama.

Uchaguzi ulipokaribia, ami alikuja kwa mama. Alikuwa hajakanyaga nyumba yetu tangu siku ile ya simu. Alikaa kiti kilichoupa mti mgongo.

"Yule bwana," alimwambia mama, "anasema mtaani kwao kila mtu atashika simu yake mwenyewe, yeye hapiti kwa mtu. Na wao wanasema hawapigi kura kabisa. Zungumza naye. Wewe anakusikiliza."

"Bwana gani?" mama akauliza.

"Si unamjua."

"Namjua. Ni ndugu yangu. Nawe pia ni ndugu yako. Wataka kura za ndugu yako, mtie kwenye mti wako kwanza."

"Ule umeshachongwa."

"Kilichochongwa huchongwa tena."

Ami alinyanyuka kwenda zake, na mlangoni akageuka kuaga, na ukuta ule hauna pa kukwepea. Nilimwona anausoma. Macho yalishuka polepole, kutoka kwa wajukuu zake mpaka kwenye shina, yakatua kwa bibi yake.

"Hakuitwa hivi," alisema mwisho, bila ya kunitazama. "Umeandika kama Waarabu wanavyolitamka. Yeye mwenyewe alikuwa akilivuta mwisho." Akalitamka. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Nilichukua kalamu ya wino mzito, nikalisahihisha palepale mbele yake.

"Na hilo neno la chini," akasema, "lifute. Hilo tu. Mengine yaache."

"Jina umenisahihisha, ami, nakushukuru. Neno ni hilohilo."

Alivaa viatu vyake akatoka. Nilimsindikiza bila ya fundo moyoni mpaka kwenye gari, nikamfungulia mlango kama kawaida. Lakini neno liko palepale.

Siku ya uchaguzi ilifika na mtaa ule wote ulikaa kimya. Mjomba alitia maji garini, akaenda milimani kama siku nyingine. Mgombea wa ukoo alipita hata hivyo, walipata kura kwengine. Nilimpigia simu mjomba kumpa pole, nikidhani amevunjika moyo.

"Pole ya nini?" alisema, na nyuma yake nilisikia maji yanamwagika tangini. "Wamepita bila ya sisi. Vizuri. Sasa wamejua kwamba tunaweza tusiwepo."

Kisha akaniomba nimchapishie mti wake mwenyewe, mkubwa vilevile, wa kutundika kwake. Nimeshampelekea. Wanawe wanauongezea watoto kila wanapozaliwa, kwa kalamu, na hawaulizi mtu. Ule wa mbao uko sablani na sitaomba kuonyeshwa. Huu wetu hauna kufuli. Mlango wa mama uko wazi kutwa, kahawa ipo, na anayetaka kuja kugombana na neno lile na aje, alisome kwanza.